Kayaki inatikisika, mguu unakufa ganzi: ni chombo au ni mkao?

Swali: "Niko Mbeya mjini. Nimepata kayaki ya mtumba ya safari ndefu, ya faiba, urefu mita 5.2 na upana sentimita 55, ina pezi la kushusha nyuma. Ipo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi nina urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilo 84. Niliijaribu mchana kwa nusu saa. Ilitikisika hata nikikohoa, mguu wa kulia ukafa ganzi, na kila nikikatisha upepo iligeuza omo yake (ncha ya mbele) kutazama kusini. Muuzaji anayo nyingine ya plastiki, mita 4.3 kwa sentimita 68, imetulia kama kitanda. Nataka chombo cha kunitoa Matema hadi Lupingu kwa siku kadhaa, na mizigo yangu humo. Nimeambiwa pia hiyo ndefu ni ya baharini, haifai ziwani. Nichukue ipi, na niipimeje?"

Jibu: Ndugu, usiikatae hiyo ndefu, ila usilipe bado. Umetaja kasoro tatu na kila moja ina chanzo chake. Ganzi inatokana na mkao. Kutikisika ni nusu mkao, nusu chombo kuwa kitupu. Kugeukia kusini ndiyo pekee inayoweza kuwa kasoro ya chombo chenyewe, na hata hiyo haijulikani mpaka pezi lijaribiwe. Tatizo la jaribio lako ni kwamba ulianza na mwendo kabla ya kukaa sawasawa. Kayaki huendeshwa kwa nyonga na magoti kuliko kwa mikono. Mwili usiposhikana na chombo, kila utakachokisikia majini kitakudanganya.

Hilo la bahari na ziwa tulimalize kwanza. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu kwa asilimia 2.5 hivi. Wewe, kayaki na mizigo mkifika kilo 140, ziwani mtasukuma lita tatu na nusu zaidi ya zile za baharini, na kwa chombo cha ukubwa huo hiyo ni kuzama milimita mbili tu za ziada. Kinachofanya kayaki iitwe ya baharini ni viambaza viwili vinavyotenga vyumba vya mbele na nyuma, mifuniko isiyopitisha maji, kamba za kushika zinazozunguka juu, na umbo linalopanda mawimbi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika mita 700, nalo linavidai vyote hivyo. Matema iko ncha ya kaskazini. Mwera unaovuma kutoka kusini, hasa Mei hadi Agosti, unakufikia ukiwa umesafiri juu ya maji masafa marefu, na mawimbi yake yamekua njia nzima. Tena ukishaipita Ikombe kwenda Lupingu, Milima ya Livingstone inashuka majini kwa mteremko mkali na mahali pa kushukia ni pachache. Unaweza kulazimika kukaa saa mbili au tatu bila kunyoosha goti. Kwa safari hiyo, starehe ya kiti ni sehemu ya usalama.

Basi anza nchi kavu. Weka kayaki kwenye mchanga laini, pezi likiwa juu, ukae humo dakika 20 kamili, ukitazama saa. Watu wengi hukaa dakika mbili, wakasema "iko poa", kisha wakaja kulia wakiwa katikati ya maji. Ganzi haiji dakika ya pili.

Sogeza makalio nyuma kabisa ya kiti, nyonga zikiwa wima. Mkanda wa mgongo ushike usawa wa mkanda wa suruali, usipande hadi kwenye mbavu. Kazi yake ni kuzuia nyonga zisiteleze nyuma. Ukiufanya wa kuegemea kama kochi, mgongo unapinda, nawe unapoteza nguvu ya kuzungusha kiwiliwili. Vidole viwili vipite kati yake na mgongo bila kubanwa.

Halafu vikanyagio. Hivi huteleza kwenye reli na kushikwa na meno. Hesabu meno ya kulia na ya kushoto, yawe sawa. Visigino vikae karibu na katikati, vidole vitazame nje, kikanyagio kiguse ile sehemu nene ya mbele ya wayo, na magoti yafunguke kwenda pembeni mpaka mapaja yakutane na viegemeo chini ya ukingo wa tundu la kukaa. Ukisukuma kidogo kwa wayo, paja lishike. Ukilegeza, paja liachie na kubaki nafasi ya unene wa kidole. Vikanyagio vikiwa karibu mno, magoti yanabanwa juu, nyonga zinarudi nyuma, na kiuno kinaanza kuuma ndani ya robo saa. Vikiwa mbali mno, unavifuata kwa ncha za vidole mpaka mashavu ya miguu yanakaza, na chombo kinacheza chini yako kwa kuwa hakuna kinachokishika. Nusu ya kutikisika kwako inaweza kuwa inatokea hapo.

Nyonga zipime kwa kiganja. Kiganja kilichonyooka kipite kila upande kati ya nyonga na ubavu wa kiti kwa kusugua kidogo. Ngumi ikipita, umepwaya. Dawa yake haina gharama: malapa ya zamani ya sponji ngumu, au mkeka wa mazoezi, yakatwe vipande vya unene wa sentimita moja. Siku ya kujaribu vichomeke tu na kuvifunga kwa selotepu ngumu; gundi ya fundi viatu ije baada ya kuridhika. Ongeza kipande kimoja kimoja. Usibane mpaka ushindwe kutoka: kayaki ikipinduliwa kichwa chini, uzito wako peke yake unatakiwa ukutoe ukishalegeza magoti.

Sasa ule mguu wa kulia. Mshipa mkubwa wa fahamu unatoka kwenye kalio na kupita nyuma ya paja. Ukikaa miguu imenyooka mbele, mshipa huo unavutika. Nyonga zikirudi nyuma unavutika zaidi. Na ukingo wa mbele wa kiti ukiuchoma kwa chini, ganzi inaanza kwenye wayo na kupanda. Ingiza mkono chini ya paja, mbele ya kiti. Ukikuta paja limeelea hewani tangu ukingo wa kiti mpaka karibu na goti, basi makalio na ule ukingo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Viringisha kitenge au taulo, unene wa sentimita nane hadi kumi, ukiweke chini ya mapaja yote mawili nyuma kidogo ya magoti. Kaa tena dakika 20. Ganzi ikipotea, umepata jibu, na baadaye utachonga kabari ya sponji yenye urefu wa sentimita 30 hadi 40 iwe ya kudumu.

Lakini wewe unaumwa mguu mmoja tu, na hilo linaelekeza kwenye kitu cha upande mmoja. Angalia kikanyagio cha kulia kama kimepishana jino moja na cha kushoto. Angalia mfuko wa nyuma wa suruali: pochi au funguo zinatosha kabisa kuua mguu. Kisha toka, uchungulie chini ya kiti kwa tochi. Viti vya faiba vinavyoning'inia kutoka kwenye ukingo wa tundu hupata ufa kwenye kona pale vinapounganika, upande mmoja ukashuka kidogo. Hata ukishuka nusu sentimita, mwili unaegemea huko siku nzima. Ufa wa namna hiyo unazibika kwa faiba na rezini, lakini upunguze bei.

Jambo moja usilifanye: kuweka mto mnene juu ya kiti ili ukae kwa raha. Kila sentimita unayojipandisha inapandisha uzito wako wote juu ya maji. Sentimita mbili tu utazisikia mara moja, na chombo kitaonekana kibaya bure.

Kabla ya kutoka safari na sketi ya kuzuia maji, ile unayoivaa kiunoni na kuifunga kwenye ukingo wa tundu, jifunze kutoka. Kaa ndani ya kayaki kwenye maji ya kifua, msaidizi akisimama kando, valia jaketi la kuokolea, jipindue, inama mbele, vuta kitanzi cha mbele cha sketi, kisha sukuma ukingo kwa mikono miwili pembeni ya nyonga, utoke kama unavua suruali. Fanya mara tatu. Kila unapofunga sketi, hakikisha kwa macho kitanzi kiko nje. Kikifungiwa ndani, hakivutiki tena.

Tuje kwenye kutikisika. Chombo kina utulivu wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaousikia umekaa wima maji yakiwa shwari. Wa pili ni ule unaokushika kikiwa kimelala ubavu. Chombo chenye tumbo pana na bapa kina mwingi wa kwanza, ndiyo maana hiyo ya plastiki umeiona kitanda. Tatizo ni kwamba tumbo bapa hufuata uso wa maji. Wimbi la ubavuni likiinama, nacho kinainama nalo, na wewe humo. Chombo chembamba chenye tumbo la mviringo kinakuachia nyonga zicheze huku kichwa kikibaki wima. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama kinatikisika halafu kinashika, au kinatikisika halafu kinakwenda moja kwa moja.

Usikipime kitupu. Kayaki ya safari imechorwa ibebe mzigo, na ikiwa tupu inaelea juu mno. Nunua au okota chupa 20 za maji za lita moja na nusu, uzijaze: hizo ni kilo 30, zinapita kwenye mifuniko midogo, na huhitaji mizani. Tisa mbele, kumi na moja nyuma, zote zilale chini kabisa na kusogezwa karibu na viambaza. Zikaze kwa nguo kuukuu zisibingirike, kwa sababu mzigo unaotembea ni mbaya kuliko mzigo kukosekana. Usitumie mchanga; utaingia kwenye mipira ya mifuniko na kuila.

Ingia kwenye maji ya magotini, msaidizi ashike omo. Tazama mbali, kwenye mstari wa milima, usitazame ncha ya kayaki. Inua goti la kulia ukikandamiza kalio la kushoto, kisha badilisha, mara 20 kila upande. Endelea kuongeza mpaka maji yaguse ukingo wa juu wa ubavu. Chombo kizuri huwa chepesi mwanzoni, halafu kadiri kinavyolala unasikia kinakaza na kukurudisha. Chombo kinachofika mahali kikalegea ghafla, bila onyo, hakifai kwa maji ya wazi. Msaidizi akiwa pale, utalijua hilo bila kuzama. Kwa kilo zako 84 na upana wa sentimita 55, natarajia ukute kinakaza vizuri, na wasiwasi wa siku ya kwanza upungue sana baada ya saa chache za mazoezi.

Kafi, yaani kasia la kupigia maji, nayo usiisahau. Kwa kimo chako na upana huo, sentimita 210 hadi 220 zinakufaa. Kafi ndefu ya chombo kipana itakulazimisha kupiga mbali na ubavu, na kila pigo litageuza omo. Utailaumu kayaki kwa kosa la kafi.

Asubuhi, ziwa likiwa limelala, pima unyoofu. Chagua alama moja mlimani, piga kafi kumi kwa nguvu sawa, acha, utazame chombo kinavyoteleza. Kila kayaki mwishowe hugeuka. Unachotafuta ni kama inageuka upande uleule kila mara. Rudia huku msaidizi akiendesha, maana mkono wako wa kulia unaweza kuwa ndio wenye nguvu zaidi. Ikibaki upande uleule kwa watu wawili, pezi au mkuku (uti wa chini wa chombo) umepinda: pindua chombo juu ya mchanga, lala upande wa tezi (ncha ya nyuma), funga jicho moja na uufuate mkuku kwa macho mpaka omo. Halafu zungusha chombo duara zima ukihesabu mapigo, kwanza kikiwa wima, kisha kikiwa kimelazwa ubavu wa nje ya duara. Mapigo ya pili lazima yapungue waziwazi. Yasipopungua, ama hujakilaza vya kutosha, ama ni chombo cha kwenda mbele tu, na kwenye ufuko wa mawe hicho kinachosha.

Upepo ndio mtihani wenyewe. Mchana pale Matema upepo wa kusini unakurudisha ufukweni, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujaribia. Upepo unaotoka nchi kavu usijaribie kamwe. Mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe hapa na pale, inatosha. Yakiwa meupe kila mahali, siku hiyo imeisha. Kaa mbali na midomo ya mito, mamba wapo. Waulize wavuvi wa hapo, wanajua kila mahali pao.

Ielewe sababu ya omo kugeukia upepo, kwa kuwa hapo ndipo utakapohukumu. Chombo kikitembea, maji yanaibana omo kwa pande zote mbili, ilhali tezi inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa. Upepo wa ubavuni unapopiga, tezi ndiyo inayosukumika kwa urahisi, basi omo inatazama upepo unakotoka. Hii ni tabia ya karibu kila kayaki, na kwa kiasi ni salama: ukichoka, unaelekea mawimbi uso kwa uso. Pezi limewekwa kuipunguza, kwa kuipa tezi cha kujishikiza.

Katisha upepo pezi likiwa juu: omo inatakiwa ipande taratibu kuelekea upepo. Shusha pezi nusu: chombo kinyooke. Lishushe lote: sasa kiwe tayari kukimbia na upepo mgongoni. Hatua hizo tatu zikitofautiana, una chombo chenye usukani wa kweli. Kama hata pezi likiwa chini lote bado kinapanda, hamisha chupa tatu, yaani kilo 4.5, kutoka mbele kwenda nyuma, ujaribu tena. Kikitulia, ilikuwa mizigo tu. Kisipotulia, shuka ukague pezi.

Na kinyume chake kipo. Pezi likiwa juu, omo ikakimbia upepo badala ya kuupanda, toa chupa chache nyuma. Ikiendelea hivyohivyo, hiyo kayaki iache, hata ukipewa kwa bei ya kuku. Siku utakayochoka itakupeleka itakako, na hutaweza kuigeuza ikabili mawimbi.

Hukusema kama pezi ulilishusha. Nina shaka halikushuka. Ukitoka ufukweni tezi inaburuzwa, na changarawe ndogo inaingia kwenye ala ya pezi na kulikaza. Mwendeshaji anasukuma kitelezeshi cha kulishushia, waya unajikunja ndani, pezi halitoki, naye hana habari. Lichungulie chombo kikiwa kimepinduliwa: utaona mfereji mwembamba nyuma, na mara nyingi kijiwe kimoja cha ukubwa wa punje ya hindi kimekaa hapo. Kitoe kwa kijiti. Toboa tundu dogo kwenye kona ya pezi, funga kamba ya sentimita kumi, ili mwenzako aweze kulivuta kabla hujaondoka. Kama waya wenyewe umeshajikunja, utaona kitelezeshi kinakwenda na pezi linabaki. Waya unabadilishwa, ila uhesabu kwenye bei.

Hiyo ya plastiki, mita 4.3, hukumu yake ni fupi. Fungua ndani utafute viambaza viwili. Kikiwepo kimoja tu, au hakuna, chombo kikijaa maji upande mzima unazama na huwezi kukikamua peke yako katikati ya ziwa. Hapo ni chombo cha kuvulia samaki karibu na ufuko. Hata vikiwepo, upana wa sentimita 68 utakuchosha upepo ukiwa usoni, na saa ya nne ya kupiga kafi ndiyo itakayoamua kama unafika.

Ukaguzi wa mwisho wa hiyo ndefu: bonyeza tumbo lote kwa kidole gumba, hasa chini ya kiti na pale visigino vinapokaa. Panapobonyea kama kikopo, faiba imelegea. Mistari midogo ya juu yenye umbo la nyota si balaa peke yake, ila tazama upande wa ndani: pakiwa peupe, pamevunjika. Mwaga lita kumi za maji kwenye chumba cha nyuma, kiinamishe chombo, usubiri dakika tano uone kama yanavujia kwenye tundu la kukaa. Rudia mbele.

Ukiinunua na kuipandisha Mbeya, safiri na mifuniko ikiwa wazi au imelegezwa. Ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, Mbeya kwa karibu mita 1,700. Hewa uliyoifungia Matema itakuwa inasukuma kutoka ndani ukifika Uyole, na ile utakayoifungia Mbeya itanyonya mifuniko ukishuka tena kupitia Tukuyu. Tofauti ya mgandamizo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwenye kiambaza chenye ukubwa wa trei ya chai hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilo 100. Viambaza vingi vina kitobo kidogo cha kupumulia kwa ajili hiyo. Kitafute, na kama kimezibwa kwa silikoni na mtu aliyedhani ni ufa, kizibue kwa sindano kabla ya kufunga kamba kwenye gari.